Mwanga Uliovuka Shamba la Mume Wangu

Mjukuu wangu anafanya kazi na mwanga. Watu wakiniuliza anafanya kazi gani nawajibu hivyo hivyo, na wakidhani ni fundi wa umeme nawaacha wadhani kidogo, halafu nawaambia: si umeme, ni leza. Ni mtoto wa binti yangu. Nimemlea mimi tangu mama yake alipotutoka, nikamvuta mkono kwenda shule akilia, akaenda mpaka chuo kikuu huko nje akarudi na shahada ambayo jina lake linanishinda kulitamka. Mimi niliishia darasa la nne, na sioni haya kulisema. Aliyeinama kwenye tope ili yeye asome ni mimi na babu yake.

Mwaka ule alikuja na chombo chake shambani kwetu Katindiuka, hapa Ifakara. Kilikuwa kama darubini mbili zilizofungwa pamoja juu ya miguu mitatu. Moja inatupa mwanga, nyingine inatazama. Mwanga wenyewe huuoni kwa macho. Unavuka shamba zima, juu kidogo ya masuke ya mpunga, unakwenda kugonga ubao mweusi waliousimamisha ng'ambo, karibu na mfereji. Mdudu akikatiza ndani ya mwanga ule, anameta. Chombo kinaona kule kumeta, kinahesabu, na kwa jinsi mabawa yanavyopiga kinatambua kama ni mbu au nzi au nondo. Alinieleza hayo akiwa jikoni kwangu anapepeta mchele, na alieleza vizuri, kwa sababu nilielewa mara moja na mimi si mtu wa kuelewa mambo ya mashine.

Majirani walisema mengi. Wapo waliosema mwanga ule unakausha mvua. Mume wangu hakuwajali. Shamba lilikuwa lake na mjukuu alikuwa wake.

"Mke wangu," alimwambia, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na mimi humwita mke mwenzangu, "huu mwanga wako hautakula mpunga wangu?"

"Hauli kitu, mume wangu. Wewe tu usikatize mbele yake. Ng'ombe wa watu wasipite, wala nguo isianikwe pale."

"Na ndege?"

"Ndege watapita, hatuwezi kuwazuia."

"Wewe huwezi. Mimi naweza."

Na kweli aliweza. Mume wangu alikuwa mtu wa kuamia ndege kuliko wanaume wote wa upande ule. Mpunga ukianza kutia maziwa alihamia kwenye dungu, ule ulingo wa miti wanaokaa waamiaji, na kutoka pale juu alipiga kelele iliyofika barabarani. Wengine walitumia makopo, wengine manati. Yeye alitumia koo lake. Kweleakwelea walikuwa wakitua kwa jirani, wanaisikia sauti ile, wanapita juu ya kwetu bila kushuka. Nimeolewa na sauti ile nikiwa binti mdogo. Niliisikia kabla sijamwona mwenyewe.

Msimu ukaendelea. Mjukuu alikuja kila wiki kuangalia chombo chake, na kadiri mpunga ulivyokomaa ndivyo furaha yake ilivyozidi. Chombo kilikuwa kinamwonyesha wadudu wengi ajabu jioni, jua likiwa bado lipo, na hasa siku za upepo. Akaniambia hiyo si kawaida, mdudu mdogo upepo ukivuma hujibanza kwenye majani. Kama ni kweli, alisema, basi kuna jambo kuhusu wadudu wa bonde hili ambalo hakuna aliyewahi kulisema. Wakubwa zake wakafurahi. Wakamwambia utaongea kwenye mkutano mkubwa wa watu wa mwanga na leza, na mkutano wenyewe utafanyika hapa hapa Ifakara, wageni watatoka nchi nyingi. Mimi niliwatangazia wanawake wa jumuiya yetu mpaka wakachoka. Mmoja akaniambia, "Dada, hata rozari leo umeisali kwa leza." Nikamwambia aone wivu taratibu.

Mkutano ukiwa umebakiza wiki chache, mume wangu alirudi kutoka shambani mchana, akalala kwenye mkeka barazani, akaomba maji. Nikaingia ndani kuchota. Niliporudi kikombe kilikuwa kinanitosha mimi peke yangu.

Sitaeleza sana habari za siku ile. Nitaeleza mazishi, kwa sababu ndipo jambo langu lilipo. Kwetu wajukuu na watani ndio wenye ruhusa ya kumsema marehemu. Watoto wake hawawezi, mke hawezi, ndugu hawawezi. Mjukuu anaweza. Basi mjukuu wangu, mwenye shahada, alivaa kofia na koti la babu yake, akapanda juu ya kinu kilichogeuzwa, akatutazama waombolezaji wote tulivyokaa, akatoa ukelele ule ule wa babu yake: "Haaaya! Tokeni kwenye mpunga wangu, nyie midomo mirefu!" Akakohoa kama yeye. Akajikuna mgongo kwa fimbo kama yeye. Watu walicheka huku machozi yanatiririka. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mtu mkavu asiyecheka hata harusini, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi ndani, katikati ya wanawake, nilifunika uso kwa khanga, na hakuna aliyejua ninalia au ninacheka. Hata mimi sikujua.

Baada ya matanga kuanuliwa, mpunga ulikuwa bado umesimama shambani, na mpunga haungoji mtu amalize kulia. Ndugu wakaja na wanawake wa jumuiya wakaja, wakavuna kwa visu kuanzia upande wa dungu kuelekea ng'ambo. Mjukuu alikuwa nasi. Chombo chake kilikuwa kimeshafungashwa na kupelekwa ofisini, ubao mweusi tu ndio uliobaki. Tulipoufikia, mpunga uliokuwa unaficha ukalala, na tukaona.

Vijiti. Vijiti vingi vimechomekwa kwenye tope mbele ya ubao, na kutoka kijiti mpaka kijiti zimefungwa kanda nyembamba za kahawia, zile za ndani ya kaseti. Upepo ulipita, zikainuka zote mpaka juu ya usawa wa masuke, zikatetemeka, zikang'aa, zikalia kwa sauti nyembamba kama nyuki walio mbali. Ni dawa ya ndege. Kila mkulima wa huku anaijua. Ndege anaona zinameta, anasikia zinalia, anapita. Ukiwa huna koo wala watoto wa kuwatuma, unafunga kanda.

Nilizitambua. Zilikuwa kaseti zangu za kwaya, ambazo nilizitafuta nyumba nzima nikawasingizia watoto wa jirani.

Mjukuu wangu alisimama na kisu mkononi. Akaangalia kanda, akageuka kuangalia kule chombo kilipokuwa kimesimama, akaangalia tena kanda.

"Bibi, babu alifunga hizi lini?"

"Sijui. Kwangu alisema anapiga kelele."

Akakaa kwenye mabua yaliyokatwa, kwenye maji, na nguo yake nzuri. "Si wadudu," alisema. "Wale wadudu wangu wa jioni, wa siku za upepo. Si wadudu, bibi. Ni hizi. Zilikuwa zinameta kwenye mwanga wangu na mimi nazihesabu."

Shemeji yangu alibeba mzigo wa mpunga akaondoka nao kuelekea kwenye turubai, ingawa haukuwa umefungwa vizuri na ulikuwa unamwagika njiani.

Mjukuu aliona wadudu wake wamekufa. Mimi niliona kitu kingine. Nilikumbuka kwamba kwa muda mrefu mume wangu alikuwa anarudi jioni na sauti laini, haijakwaruza, nami nikadhani mwaka huu ndege ni wachache. Ndege hawakuwa wachache. Sauti ndiyo ilikuwa imemwisha. Alikuwa anakaa kule juu kwenye dungu kutwa nzima, kimya, akitazama kanda za kwaya yangu zikimfanyia kazi, na jioni anarudi kwangu anasema, "Leo nimewapigia kelele hasa." Na mimi nampa uji.

Tukarudi nyumbani. Mkuu wa mjukuu wangu, mama mmoja mwenye roho nzuri, alimwambia kwenye simu kwamba anaweza kujitoa, amefiwa, hakuna atakayemlaumu. Mjukuu hakutaka.

"Muhtasari wa matokeo yangu wameshausoma, bibi. Nikinyamaza, mtu mwingine atayachukua ajenge juu yake, na yeye atakuwa amejenga juu ya kaseti. Lazima niseme nimekosea. Na nikisema nimekosea wataniuliza ni nini kilikatiza mwanga. Lazima niseme ni babu."

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda. Akapandisha sauti.

"Udongo wa kaburi la kaka yangu haujakauka, mnataka kwenda kumwanika mbele ya wageni? Sema kitu fulani kilipita. Sema majani."

"Si majani, babu mdogo."

"Kwani wao watakuja kuangalia?"

"Hawatakuja. Ndiyo maana lazima niseme kweli."

"Utasema kwamba kaka yangu, mtu ambaye sauti yake ilijulikana mpaka kijiji cha Mbingu, alikuwa anafukuza ndege kwa kanda kama mlemavu? Utasema hivyo?"

Mjukuu akanitazama mimi. Wote wawili wakanitazama mimi. Nilikuwa nina hasira na kila mtu aliyekuwemo mle ndani, na zaidi na yule ambaye hakuwemo. Angeniambia. Ningekwenda kukaa naye kule juu, ningepiga kelele mimi. Nina koo.

"Mjukuu ana haki ya kumsema babu yake," nikasema. "Siku ya mazishi alimsema mbele ya watu wote, na wewe shemeji ulicheka mpaka ukakaa chini."

"Pale tulikuwa sisi kwa sisi," akanijibu. "Tulicheka tukiwa tunamlilia. Wale si watani wetu. Wale watacheka tu."

Alikuwa amesema kweli na nilimchukia kwa kusema kweli. Nikanawa mikono, nikaifuta, nikamwambia mjukuu: "Utasema. Lakini na mimi nitakuwepo. Nitakaa pale nikusikilize unavyomsema na nione wanavyomcheka. Ukiona nimeinuka nimetoka, ujue umemvunjia heshima mume wangu, na mimi na wewe tutakuwa na maneno mpaka naingia kaburini."

"Mjane atoke aende mkutanoni kabla ya misa ya arobaini?" shemeji akauliza.

"Nitakwenda na kitambaa changu cheusi kichwani. Atakayeuliza nitamjibu mimi mwenyewe."

Nikaenda kwa bajaji. Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine mpaka nikajuta kuacha sweta. Walinivika kitambulisho shingoni kama wengine, kikaning'inia juu ya nguo nyeusi. Dada mmoja wa ofisini kwa mjukuu alikaa kando yangu ili aninong'oneze kwa Kiswahili yanayosemwa, maana karibu yote yalikuwa kwa Kiingereza.

Nilisikiliza wote. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mmoja, lakini hukai kwenye meza ya watu ukala bakuli la mwanao tu. Mzungu mmoja mzee alionyesha jinsi mwanga unavyopita kwenye tone la damu na kutambua kilichomo. Mama mmoja wa Kihindi alionyesha leza inayoshona ndani ya jicho la mtu mwenye kisukari asipofuke, na hapo nikatamani niwajue watu hawa miaka ya nyuma, wakati mama yangu anapapasa kuta. Hawakuwa watu wa mchezo. Walisikilizana kama tunavyosikiliza ukisomwa wosia. Mtu akisema neno moja lisilo na uhakika, mkono unanyooshwa pale pale. Nikaelewa kwa nini mjukuu wangu alikataa kusema majani.

Ikafika zamu yake. Alipanda jukwaani na gauni la bluu, mgongo umenyooka, na kwa dakika ile nilikuwa bibi na si mjane. Akaonyesha kwenye kitambaa kikubwa mchoro wa wadudu wake wa jioni, mlima mrefu mwekundu. Dada akaninong'oneza: "Anasema hiki ndicho alichowaandikia. Anasema si kweli." Halafu akaonyesha picha ya vijiti na kanda zinang'aa mbele ya ubao mweusi.

Wakacheka. Si mmoja, si wawili. Kicheko kilitoka nyuma kikaja mbele kama maji ya mto yanayoingia shambani. Hakikuwa kicheko kibaya, nalisema hilo sasa. Wakati ule nilisikia kicheko tu. Akaonyesha picha nyingine, na ilikuwa mume wangu, juu ya dungu lake, kofia kichwani, anatabasamu na mdomo umefungwa. Mdomo umefungwa! Wengine walikuwa bado wanacheka kanda, kicheko kikamkuta yeye pale juu.

Nilishika kiti. Miguu yangu ilikuwa imeshaamua kuinuka.

Mjukuu akaniona. Akaacha kusema. Akasimama pale na ile fimbo yake ya mwanga ya kuonyeshea, nukta nyekundu imetua kwenye miguu ya picha ya babu yake, na hakuweza kuendelea. Kicheko kikaisha, watu wakaanza kutazamana. Alikuwa anasubiri miguu yangu. Nikaona kwamba nikiinuka atakunja vitu vyake na kushuka, na hatapanda tena jukwaa lolote, na mume wangu atabaki pale ukutani kwenye vinywa vya wageni bila mtu wa kwake wa kumsema.

Basi nilitoa sauti. Na ninayo.

"Sema, mke mwenzangu! Huyo ni mume wetu. Nani atamsema kama si sisi?"

Wabongo waliokuwemo ukumbini wakaangua kicheko kingine, kicheko cha kwetu, cha msibani, na mzee mmoja mbele akasema kwa nguvu, "Apumzike kwa amani!" Wageni wakageuka kuuliza kuna nini, wakaelezwa, na nikaona nyuso zao zinabadilika moja moja.

Mjukuu akafuta macho kwa kiganja. Akaanza kwa Kiswahili. "Babu yangu alifukuza ndege kwa sauti maisha yake yote. Mwaka huu sauti ilimwisha, akatuficha, akafunga kanda hizi. Mimi nilikuwa pale kila wiki, na chombo kinachoona bawa la mbu, na sikuona kwamba babu amechoka." Akarudia kwa Kiingereza.

Nikasikia yote. Sikuinuka.

Wakamuuliza maswali, na walimuuliza kwa ukali kama walivyoulizana wenyewe. Yule mzungu mzee akataka kujua ni sehemu gani ya msimu bado inaaminika. Mjukuu akasema hajui. Kanda zilifungwa lini hakuna anayejua, aliyejua amekufa, kwa hiyo hawezi kuapa juu ya siku hata moja. Ataomba aanze upya. Dada akaninong'oneza kwamba kuanza upya ni mwaka mzima, kama watakubali kumpa. Makofi waliyompigia yalikuwa makofi ya kawaida. Wakati wa chakula, mtu mmoja kutoka nchi ya mashamba ya matunda alikuja akanipa pole kwa mikono miwili, akasema na kwao hufunga vitu vya kung'aa kwenye miti, na akirudi itabidi akayaangalie upya matokeo yake mwenyewe. Uso wake haukuwa na raha. Nikamwambia ale kwanza.

Mjukuu alibaki, mkutano ulikuwa unaendelea mpaka jioni. Mimi nikarudi na bajaji. Shemeji alikuwa amekaa kizingitini kwangu, hata salamu hakutoa.

"Wamemcheka?"

"Wamecheka."

"Na wewe ukainuka?"

"Sikuinuka. Nilimtania mwenyewe, na waliokuwa watani walicheka na mimi."

Akatazama chini. "Alisema sauti ilimwisha?"

"Alisema. Mke wake mdogo ndiye aliyesema, si mgeni."

Akasema, akiongea na vidole vyake vya miguu: "Mimi ndiye niliyemshikia vijiti."

Sikumwelewa mara moja.

"Ilikuwa wiki ya Pasaka. Jumatatu, tumetoka misani. Aliniita, akajaribu kupiga kelele nione, ikatoka pumzi tu. Akaniapisha kwa jina la mama yetu nisimwambie mtu, wewe hasa. Tulifunga zote siku ile. Kabla ya hapo hapakuwa na kanda hata moja."

Nilitaka kumgombeza. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimtazama, mzee mzima, amekaa na kiapo chake tangu mazishi, amebeba mpunga unamwagika ili asiulizwe, na hasira ikakosa pa kusimama. Na nikafikiria zile siku za kabla ya Pasaka, mwanga unavuka shamba na hakuna kitu ndani yake ila wadudu wa Mungu. Mjukuu wangu alikuwa anazitupa muda ule ule.

"Inuka," nikamwambia.

"Niende wapi?"

"Ukumbini. Ukamwambie ni lini."

"Mbele ya watu wale? Nitasemaje?"

"Kama ulivyoniambia mimi."

Dereva wa bajaji alikuwa bado anageuza kwenye kona ya uzio. Nikamwita, na safari hii pia sauti ilifika. Shemeji akajipangusa vumbi miguuni, akafunga vifungo vya shati mpaka cha juu kabisa, akapanda.